Kutoka Ombi hadi Waraka: Historia ya Swali la Kiufundi Mtandaoni na Nafasi ya Kiswahili

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya swali la kiufundi katika jumuiya za majadiliano mtandaoni, tangu Usenet ya mwaka 1980 hadi Stack Overflow, kisha yanalichunguza swali hilo linapoulizwa kwa Kiswahili. Hoja inayojengwa ni kwamba katika kipindi hicho swali liliacha kuwa ombi la mtu kwa watu likawa waraka unaoandikiwa msomaji wa baadaye, na kwamba mabadiliko hayo ya mwandikiwa ndiyo yaliyofuta salamu na shukrani. Katika Kiswahili swali limebaki kuwa ombi. Makala yanadai kwamba upungufu wa Kiswahili katika uwanja huu umechukuliwa kuwa upungufu wa istilahi, ilhali maswali ya wazungumzaji yana msamiati wa kutosha, hasa wa vitenzi. Kilicho haba ni majibu yaliyohifadhiwa hadharani.

Utangulizi

Mjadala kuhusu Kiswahili na teknolojia ya kompyuta umekuwa, kwa sehemu kubwa, mjadala wa istilahi. Tumebishana iwapo chombo chenyewe kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Tumelinganisha nywila na nenosiri. Tumezipima Tafsiri Sanifu za BAKITA kwa vigezo vya uwazi, ufupi na ukubalifu. Kazi hiyo ni ya lazima na makala haya hayaibezi. Hata hivyo, istilahi ni sehemu ndogo ya yale ambayo watu huyafanya kwa lugha wanapokabiliana na mashine. Mtu ambaye kompyuta yake imegoma kuwaka hahitaji kwanza kujua jina la kila kipande kilichomo ndani. Anahitaji kuuliza, na kuuliza kuna utanzu wake, wenye historia na masharti, kama ilivyo kusifu au kuomboleza.

Utanzu huo ulizaliwa katika vyuo vikuu vya Marekani, kwa Kiingereza, na masharti yake yaliwekwa kabla wazungumzaji wengi wa Kiswahili hawajapata kugusa kompyuta. Kwa sababu hiyo tutaanzia huko, tuone masharti yalivyokuja moja baada ya jingine, ndipo turejee Afrika Mashariki.

Swali kama ombi

Mwaka 1979 Tom Truscott na Jim Ellis, waliokuwa wanafunzi wa masomo ya juu katika Chuo Kikuu cha Duke, walibuni njia ya kuziwezesha kompyuta za vyuo kupigiana simu na kubadilishana ujumbe. Steve Bellovin wa Chuo Kikuu cha North Carolina aliandika programu ya kwanza ya kazi hiyo, na mwaka 1980 mfumo ukatangazwa hadharani kwa jina la Usenet. Ujumbe uligawanywa kwa makundi ya mada. Mtu aliandika katika kompyuta ya chuo chake, na kompyuta hiyo ikapeleka nakala kwa jirani yake, jirani kwa jirani, hadi kote.

Jambo moja la kiuchumi linastahili kutazamwa kwa makini na mwanaisimu. Kompyuta hizo zilipigiana simu zaidi usiku, wakati gharama zilipokuwa nafuu. Aliyeuliza leo aliweza kusubiri siku moja au kadhaa kabla ya kujibiwa, na iwapo mjibuji alitaka ufafanuzi, siku nyingine zikapita. Mazungumzo ya ana kwa ana huruhusu swali bovu, kwa kuwa msikilizaji husema papo hapo "unamaanisha nini?" Katika Usenet fursa hiyo ilikuwa ghali. Muulizaji alilazimika kusema yote kwa mara moja: mashine gani, programu toleo lipi, alifanya nini, kikatokea nini. Ubana-maneno uliokuja kuwa fahari ya wanateknolojia una mzizi wake, kwa maoni yangu, katika bei ya simu kuliko katika tabia ya wahandisi.

Bado swali lilikuwa la mtu kwa watu. Kundi mojawapo mashuhuri liliitwa net.unix-wizards, jina linalowataja mabingwa wa mfumo wa Unix kuwa ni wachawi. Kwetu pengine wangeitwa waganga. Jina hilo linaonesha uhusiano ulivyofikiriwa: mwenye shida anakwenda kwa mwenye siri. Ujumbe maarufu kuliko wote wa zama hizo, ule ambao Linus Torvalds aliuandika tarehe 25 Agosti 1991 katika kundi la comp.os.minix kutangaza kile kilichokuja kuitwa Linux, ulianza kwa kuwasalimu watumiaji wote wa Minix, ukaendelea kwa kuwauliza wanapenda na hawapendi nini katika mfumo wao. Salamu ilikuwamo. Haikuonekana kuwa takataka.

Swali lenye masharti

Kila Septemba wanafunzi wapya walifungua mwaka wa masomo, wakapewa akaunti, wakaanza kuuliza yaleyale yaliyoulizwa na wenzao wa mwaka uliotangulia. Wenyeji waliwafunda kwa majuma machache, hali ikatulia. Kuanzia mwaka 1993, kampuni za biashara zilipoanza kuwafungulia wateja wao milango ya Usenet, wageni hawakuja tena kwa msimu. Wakongwe walikiita kipindi hicho Septemba isiyokwisha.

Dawa ya awali ilikuwa orodha ya Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara, desturi iliyoanza mapema katika miaka ya 1980 na ambayo kwa kawaida huhusishwa na Eugene Miya wa NASA. Orodha ilirudiwa kubandikwa kila baada ya muda ili mgeni aisome kabla ya kufungua kinywa. Mwongozo wa adabu za mtandao uliotolewa Oktoba 1995 kwa jina la RFC 1855 ulikwenda mbali zaidi: ulimshauri mgeni asome majadiliano ya kundi kwa mwezi mmoja hadi miwili kabla ya kuandika chochote.

Tuitazame athari yake kipragmatiki. Kurudia swali lililokwisha kujibiwa kuligeuka kuwa kosa la kijamii. Kwa mzungumzaji wa Kiswahili hili ni jambo geni sana. Salamu zetu nyingi ni maswali kisarufi, tena maswali ambayo majibu yake yanajulikana kabla ya kuulizwa. Hujambo, habari za nyumbani, umeamkaje: huulizwa kila siku, kwa watu walewale, na anayedai kwamba amekwisha kujibu jana ataonekana mgonjwa. Katika Kiswahili swali lina kazi mbili, kutafuta habari na kutunza uhusiano, na mara nyingi kazi ya pili ndiyo hutangulia. Orodha ya maswali ya kawaida iliitambua kazi ya kwanza peke yake.

Maandishi yaliyoyafunga masharti haya katika kitabu kimoja, kama ningeruhusiwa kuuita waraka wa mtandaoni kitabu, ni mwongozo wa Eric Raymond na Rick Moen wa mwaka 2001 kuhusu namna ya kuuliza maswali kwa busara. Wanamtaka muulizaji atafute kwanza mwenyewe, aandike kichwa kinachotaja tatizo, aeleze dalili badala ya dhana zake kuhusu chanzo, na asichukie akijibiwa kwa ukali. Ukali huo ulikuwa na nembo yake: herufi nne za Kiingereza za kumwamuru mtu akasome mwongozo, zenye tusi katikati. Anayemfahamu Grice (1975) atautambua mwongozo huu mara moja. Ni kanuni zake za kiasi, ukweli, uhusiano na namna, zikiwa zimegeuzwa kutoka maelezo ya jinsi watu wanavyozungumza kuwa sheria ya jinsi wanavyotakiwa kuzungumza. Kile ambacho Brown na Levinson (1987) wanakiita kulinda uso kiliachwa upande mmoja tu: uso wa mjibuji na muda wake vililindwa, uso wa muulizaji ukaachwa wazi.

Kuhusu lugha, mwongozo ulisema bila kuficha. Muulizaji asiyejua lugha za wanaomsoma aandike kwa Kiingereza, kwa kuwa ndiyo lugha ya kazi ya mtandao, na maswali ya lugha nyingine yataelekea kutupwa.

Swali kama waraka

Stack Overflow, iliyoanzishwa mwaka 2008 na Jeff Atwood na Joel Spolsky, ilikamilisha mageuzi hayo kwa kuyaingiza katika muundo wa mfumo wenyewe. Majibu yalipigiwa kura, wajibuji wakapata alama, na muulizaji akachagua jibu lililomfaa. Lililo muhimu zaidi kwa hoja yetu ni kwamba mtu mwingine aliruhusiwa kulihariri swali. Salamu na shukrani zilihesabiwa kuwa kelele, wahariri walizifuta. Swali lililofanana na la zamani lilifungwa na kuelekezwa kwa mwenzake.

Wengi wameueleza ufutaji huu kuwa ni utovu wa adabu wa waandishi wa programu. Maelezo hayo hayatoshi. Salamu huandikwa kwa mtu, na swali la Stack Overflow halikuwa tena la mtu. Aliyeuliza alikuwa chanzo tu cha waraka ambao ungesomwa na maelfu waliofikishwa hapo na mitambo ya utafutaji, miaka mingi baada ya yeye kupata jibu lake na kusahau. Kwa msomaji huyo wa mwaka wa tano au wa kumi, "habari zenu" haina wa kuiitikia.

Utaratibu wa kumwondoa muulizaji ili swali lake liwafae wengine una umri mkubwa kuliko kompyuta, na wasomaji wa pwani wanaujua kutoka upande mwingine. Katika mikusanyo ya fatwa, wahusika halisi wa ugomvi huondolewa majina na kuitwa Zayd na Amr, majina yaleyale ambayo wanasarufi wa Kiarabu huyatumia katika mifano ya mtenda na mtendwa. Kesi ya jirani fulani kuhusu ukuta fulani inakuwa masuala ya Zayd, na kila mwenye ukuta anaweza kuisoma. Waandishi wa programu nao wana Zayd na Amr wao, majina matupu foo na bar, na wanamtaka muulizaji apunguze tatizo lake hadi libaki mfano mdogo ambao mtu yeyote anaweza kuurudia. Tofauti ni kwamba mufti huisikia kesi nzima kwanza, pamoja na machozi yake, na kuondoa majina ni kazi ya mkusanyaji baadaye. Katika Stack Overflow muulizaji mwenyewe alitakiwa aje akiwa amekwisha kujifuta.

Gharama ilionekana. Mwaka 2018 kampuni yenyewe ilikiri hadharani kwamba jumuiya yake haikuwa mahali pa ukarimu kwa wageni, ikatoa kanuni mpya za mwenendo. Hilo halikubadilisha muundo, na sidhani lingeweza.

Upande wa lugha, Atwood aliandika mwaka 2009 akitetea Kiingereza kuwa lugha moja ya waandishi wa programu wote, kwa hoja kwamba kugawanya lugha ni kugawanya maarifa. Baadaye kampuni ililegeza msimamo, na katikati ya muongo uliofuata zikaanzishwa jumuiya za Kireno, Kijapani, Kirusi na Kihispania. Kiswahili hakikuwamo.

Wakuu, naombeni msaada

Katika miaka hiyohiyo Kiswahili hakikulala. Mradi wa Kilinux, uliofanyiwa kazi Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Mwaka uliofuata Microsoft nayo ilitoa kiolesura cha Kiswahili cha Windows. Juhudi hizi zilimpa mtumiaji nomino za kutajia vitu na vitenzi vya kuiamuru mashine: hifadhi, bandika, chapisha. Hazikumpa vitenzi vya kulalamikia mashine isipotii. Hivyo alivitengeneza mwenyewe, na mahali pa kuviona ni katika maswali.

JamiiForums ilianza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums. Inajulikana zaidi kwa siasa, lakini ina pia jukwaa la teknolojia, na humo swali la kiufundi la Kiswahili limepata umbo linalotambulika. Mfano ufuatao nimeuunda mwenyewe kwa kufuata umbo hilo, ili nisimnukuu mtu yeyote:

"Habari za muda huu wakuu, poleni na majukumu. Kuuliza si ujinga. Simu yangu inakula chaji sana, halafu wakati mwingine haisomi laini na inajizima yenyewe. Mwenye kufahamu tatizo naombeni msaada. Natanguliza shukrani."

Kwa kipimo cha Raymond, zaidi ya nusu ya maneno haya ni ya kufutwa, na aina ya simu haikutajwa. Kwa kipimo cha pragmatiki ya Kiswahili, kila kifungu kina kazi. Tuanze na "wakuu". Shikamoo inahitaji kujua nani ni mkubwa kwa nani, na watu wanaotumia majina ya kubuni hawawezi kujua. Istilahi za udugu zina shida hiyohiyo: huwezi kumwita mtu kaka au mama usiyemjua jinsia. "Mkuu" linatatua yote mawili kwa kumpandisha kila mtu, na "wanajamvi" linakwenda mbali zaidi kwa kuligeuza jukwaa kuwa mkeka uliotandikwa barazani. "Kuuliza si ujinga" ni ngao ya uso, methali inayowekwa mbele ili tusi lisipate pa kutua. "Natanguliza shukrani" inalipa kabla ya huduma na hivyo kumfunga msomaji. Na kitenzi kikuu ni kuomba. Anayeuliza anatafuta habari. Anayeomba anatafuta mtu.

Desturi hii ina mizizi. Biersteker, katika kitabu chake Kujibizana (1996), anaonesha jinsi ushairi wa Kiswahili wa karne ya 19 na ya 20 ulivyoendeshwa kwa kuulizana na kujibiana. Katika malumbano ya mashairi anayejibu hufuata bahari na, mara nyingi, vina vya aliyemuuliza. Jibu hubeba alama ya swali lake na haliwezi kutengwa nalo kwa urahisi. Sidai kwamba muulizaji wa simu mbovu anaendeleza kazi ya Muyaka. Ninachosema ni kwamba lugha hii ilikwisha kuwa na namna za kuuliza hadharani, na zote zilimhitaji mtu wa pili aliye hai.

Sasa tuvitazame vitenzi. Simu inakula chaji au bando. Haisomi laini, haishiki mtandao. Imeganda, imegoma, inapata moto. Vingi vya vitenzi hivi kwa kawaida huhitaji kiima chenye uhai: kula, kusoma, kushika, kugoma. Lakini upatanisho unabaki wa ngeli ya I-ZI; tunasema simu imegoma, wala hakuna asemaye *simu amegoma. Mashine inapewa matendo ya kiumbe bila kupewa hadhi ya kiumbe. Cha kuvutia zaidi ni kirejeshi -ji-. Kuzima simu ni tendo la mwenye simu. Simu kujizima ni ugonjwa. Vivyo hivyo inajiwasha, inajiandika, inajipigia watu. Kwa mofimu moja mzungumzaji ametofautisha kosa la mashine na tendo la mtumiaji, tofauti ambayo fundi yeyote huiulizia kwanza. Hakuna kamati iliyoketi kuibuni. Orodha zetu za istilahi, zilizojaa nomino, hazikuwa na mahali pa kuipokea, kwa sababu -ji- si istilahi, na kinachofanya kazi hapa ni sarufi.

Kwa hiyo dai kwamba Kiswahili hakina maneno ya kuulizia mambo ya kiufundi haliungwi mkono na maswali yenyewe.

Jibu linalokwenda pembeni

Upungufu uko upande wa majibu. Majibu yapo, na mengine ni ya kina, lakini mara nyingi uzi hukatikia palipo utamu: "njoo inboksi mkuu", au namba ya simu, na mazungumzo yakahamia mahali ambapo msomaji wa tatu hafiki. Makundi ya WhatsApp yameongeza uzito wa tabia hii.

Ni rahisi kulaumu uchoyo. Mimi naona sababu ya kiuchumi, kama ile ya bei ya simu za usiku. Wajibuji wa mwanzo wa Usenet walikuwa watu wa vyuo na maabara. Mishahara yao ilikwisha kulipwa, na jibu la bure liliwapa heshima bila kuwapunguzia kitu. Fundi simu wa Kariakoo au wa Luthuli Avenue, Nairobi, anaishi kwa jibu lake. Akiliweka hadharani, limalizalo tatizo la mmoja litawamalizia wote, bila malipo. Kumwita muulizaji pembeni ni kufungua duka. Aidha, kwa kuwa swali lilikuja kama ombi kwa mtu, kulijibu faraghani hakuvunji adabu yoyote, kunaikamilisha.

Umbo la ombi lilihifadhi utu wa muulizaji, lakini halikudai kumbukumbu. Waraka ulidai kumbukumbu, ukamfuta mtu. Kwa miaka kadhaa tofauti hii ingeweza kuonekana kuwa suala la ladha tu. Desemba 2022 Stack Overflow ilipiga marufuku kwa muda majibu yaliyotungwa na ChatGPT, na Mei 2024 kampuni hiyohiyo ikatangaza mapatano ya kuipatia OpenAI maudhui yake. Maswali na majibu ya Kiingereza yaliyokusanywa kwa kujitolea yakawa malighafi ya mashine zinazojibu. Baadhi ya waliojibu walipinga, wengine wakajaribu kufuta waliyoyaandika. Sisi hatukuwa na cha kupinga, kwa kuwa yaliyojibiwa kwa Kiswahili yamo katika simu za watu wawiliwawili.

Kwa mtafiti wa vitenzi vilivyotajwa hapa, nyuzi za JamiiForums za tangu 2006 ni miongoni mwa rekodi chache ndefu zilizo wazi kusomwa. Juni 2018, kufuatia kanuni mpya za maudhui ya mtandaoni nchini Tanzania, jukwaa hilo lilisitisha huduma kwa muda, na kwa siku hizo rekodi yote, pamoja na kila simu iliyojizima na kila laini isiyosomwa, haikufikika.